Chati Mtiririko: Majibu kwa Wasomaji Wanaojifunza Kupanga Programu

Barua nyingi zilizofika katika safu hii mwezi huu zinahusu chati mtiririko, yaani ule mchoro wa maumbo na mishale unaoonyesha hatua za programu ya kompyuta tangu inapoanza hadi inapomalizika. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na moja nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu imebeba karibu kila jambo ambalo anayeanza anapaswa kulijua.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu na ninajifunza lugha ya Python. Kila tukipewa zoezi, mwalimu wetu anadai tuchore chati mtiririko kwanza. Mimi huandika programu moja kwa moja, na ikishafanya kazi ndipo ninapochora chati ya kumpelekea. Alama ninapata zilezile. Je, kuna ubaya gani?*
Msomaji, Morogoro

Marahaba. Ubaya uliopo ni kwamba chati iliyochorwa baada ya programu kukamilika inakuwa picha ya mawazo yako jinsi yalivyo, pamoja na mapengo yake, wakati kazi ya chati ni kukuonyesha mapengo hayo mapema, ungali na nafasi ya kuyaziba bila kubomoa ulichokwisha kukijenga.

Chukua zoezi dogo kabisa: programu ipokee namba mbili, A na B, kisha iseme ipi ni kubwa. Anayekimbilia kibodi ataandika sharti moja tu, kwamba ikiwa A ni kubwa kuliko B programu itangaze A, la sivyo itangaze B. Programu itakubali, na ukiijaribu kwa 9 na 4, kisha kwa 4 na 9, utaridhika. Sasa chora. Umbo la almasi lenye swali "Je, A ni kubwa kuliko B?" lina njia mbili za kutokea, moja ya Ndiyo na nyingine ya Hapana, na kabla hujachora mshale wa Hapana inakupasa ujiulize ni namba zipi hasa zinazopita upande huo. Hapo utagundua kwamba haipiti B iliyo kubwa peke yake, bali zinapita pia namba zilizo sawa. Ukiingiza 7 na 7, programu yako itatangaza kwamba B ndiyo kubwa, jambo ambalo si kweli. Inahitajika almasi ya pili upande wa Hapana, nawe umeigundua kwa penseli kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Katika zoezi la sharti moja hasara ni ndogo, na ndiyo maana alama zako hazijashuka. Mazoezi yatakapofikia masharti manne yanayotegemeana, utatumia muda mrefu kutafuta kosa lililojificha ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ambao ulikuwa na hakika nao. Kwa hiyo chora kwanza, hata kama ni mchoro wa haraka wenye mistari iliyopinda nyuma ya daftari, kisha ule msafi wa kumpelekea mwalimu uufanye baadaye.

*Vitabu ninavyotumia havikubaliani kuhusu maumbo. Kimoja kinaanza chati kwa duaradufu, kingine kwa mstatili wenye pembe za mviringo. Nifuate kipi?*
Msomaji, Tanga

Vyote viwili vinakubalika, kwa kuwa alama ya mwanzo na mwisho huchorwa kwa namna hizo mbili na hakuna msomaji wa chati atakayepotea kwa sababu hiyo. Upo mwongozo wa kimataifa unaoitwa ISO 5807, uliotolewa mwaka 1985, na vitabu vingi vya shule vinafuata sehemu yake ndogo: msambamba kwa data inayoingia au inayotoka, mstatili kwa hesabu au kazi yoyote inayofanywa, almasi kwa swali la uamuzi, duara dogo kwa kuunganisha sehemu za chati zilizotengana, na mstatili wenye mistari miwili ya wima pembeni kwa kazi iliyokwisha kuelezwa mahali pengine. Mishale huelekea chini na kulia, isipokuwa pale unapotaka kurudi nyuma.

Ninachowasihi wasomaji wazingatie zaidi ya mviringo wa pembe ni hili: kila almasi iwe na njia mbili zilizoandikwa Ndiyo na Hapana, na kila njia ifike mahali. Nimesahihisha chati nyingi nadhifu, zenye maumbo yaliyopimwa kwa rula, ambazo njia moja ya almasi inaishia hewani. Chati ya namna hiyo haijakamilika, hata ikipendeza vipi.

*Ndugu Mwalimu, ninaandika programu ndogo inayosoma saa ya kompyuta na kuionyesha jinsi tunavyosema sisi, kwa mfano "saa 7 mchana" badala ya 13:00. Karibu siku nzima inakwenda sawasawa, lakini mara mbili kwa siku, alfajiri inapokwisha na magharibi inapokaribia, inaonyesha "saa 0". Nimesoma msimbo wangu mara nyingi bila kuona kosa. Halafu ningependa pia iseme asubuhi, mchana, jioni na usiku, ila nikijaribu maneno yanakuja ovyo.*
Msomaji, Mombasa

Nimefurahishwa na programu yako, kwa sababu kompyuta na simu zetu karibu zote huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, na ni haki yetu kuziandikia programu zinazofuata saa zetu. Tuweke msimbo pembeni kwanza, tuchore.

Baada ya alama ya Anza, chora msambamba unaosema "Soma S", S ikiwa ni saa ya kompyuta kuanzia 0 hadi 23. Kinafuata kisanduku cha mstatili kinachosema "T iwe sawa na S". Tafadhali usikiruke, nitaeleza umuhimu wake hivi punde. Kisha almasi ya kwanza: "Je, T ni kubwa kuliko 12?" Ikiwa Ndiyo, mstatili wa pembeni unapunguza 12 kutoka kwenye T, ikiwa Hapana, T inabaki ilivyo. Njia hizo mbili zinakutana tena na kuingia kwenye almasi ya pili: "Je, T ni kubwa kuliko 6?" Ikiwa Ndiyo, K inakuwa T kutoa 6, ikiwa Hapana, K inakuwa T kujumlisha 6. Njia zinakutana, msambamba wa mwisho unaonyesha K, ambayo ndiyo saa ya Kiswahili, na chati inafika Mwisho.

Sasa kaa na penseli, upitishe namba ndani ya chati kana kwamba wewe ndiwe kompyuta, ukiandika thamani ya kila herufi inapobadilika. Anza na 13. T ni 13, ni kubwa kuliko 12, inakuwa 1. 1 si kubwa kuliko 6, kwa hiyo K ni 7, na kweli saa 13:00 ni saa saba. Pitisha 0: haizidi 12, haizidi 6, K ni 6, saa sita usiku. Pitisha 12: haizidi 12, lakini inazidi 6, K ni 6, saa sita mchana. Pitisha 6: haizidi 12, haizidi 6, K ni 12, saa kumi na mbili asubuhi. Pitisha 18: inazidi 12, inakuwa 6, haizidi 6, K ni 12, saa kumi na mbili jioni.

Bila shaka umekwisha kuliona kosa lako. Katika almasi ya pili umeuliza kama T ni kubwa kuliko 6 *au sawa nayo*. Kwa swali hilo, 6 inapita upande wa Ndiyo, inapunguzwa 6, na jibu ni 0. Na kwa kuwa 18 nayo hugeuka kuwa 6 baada ya almasi ya kwanza, kosa hilohilo linajitokeza jioni. Saa nyingine zote zinapita salama kwa sababu hakuna nyingine inayosimama juu ya mpaka wa almasi hiyo ya pili. Hiyo ndiyo sababu ninapojaribu chati sichagui namba zilizo katikati. Ninachukua zile zilizo mpakani na jirani zake, na kwa programu hii ni 0, 6, 7, 12, 13, 18, 19 na 23. Ukijaribu kwa 9, 10 na 15 tu utaamini kwamba programu ni nzima.

Tuje kwenye maneno ya vipindi vya siku. Nadhani ulipunguza 12 kutoka kwenye S yenyewe, kisha ukaitumia S hiyohiyo kuchagua neno. Ikiwa ndivyo, saa 13 imekwisha kugeuka kuwa 1 kabla hujauliza ni kipindi gani, na kwa programu yako 1 ni usiku. Kwa hiyo saa saba mchana itatangazwa kuwa saa saba usiku. Ndiyo maana nilikuomba uweke kile kisanduku kinachonakili S kwenye T. Hesabu zote zifanyike juu ya T, na S ihifadhiwe bila kuguswa ili almasi za vipindi ziweze kuiuliza. Kigeu, yaani herufi au jina linalobeba thamani kama S na T, kinapotakiwa kwa kazi mbili, kipe kazi moja na ukitafutie mwenzake. Kwenye chati kosa la aina hii huonekana upesi, kwa sababu unaweza kufuata mshale kwa kidole hadi mahali S ilipobadilishwa.

Almasi za vipindi zipange kwa kushuka kama ngazi: je, S iko chini ya 4? Ikiwa Ndiyo, ni usiku. Ikiwa Hapana, je, iko chini ya 6? Ni alfajiri. Chini ya 12, asubuhi. Chini ya 16, mchana. Chini ya 19, jioni. Zilizobaki zote ni usiku. Mipaka hii nimeiweka mimi, na nafahamu kwamba wapo watakaosema saa moja baada ya jua kuzama bado ni jioni, na wengine wataitenga alasiri kutoka mchana. Wana haki zao. Lakini programu haiwezi kuandikwa mpaka mwenyewe uamue, na almasi haikuachii nafasi ya kusema "kwa kawaida" au "inategemea". Waulize watakaoitumia, kisha andika namba.

Ukipenda kuendelea, ongeza kasorobo. Saa 18:45 ni saa moja kasorobo, maana yake tunaitaja saa inayokuja na si iliyopita. Baada ya kusoma S na dakika, weka almasi inayouliza kama dakika ni 45, na upande wa Ndiyo uongeze 1 kwenye S kabla ya kile kisanduku cha kunakili. Ukiiweka almasi hiyo baada ya kunakili, neno la kipindi litafuata saa mpya huku namba ikifuata saa ya zamani. Pitisha 23:45 kwa penseli uone: S inakuwa 24, T inashuka hadi 12, K inakuwa 6, na jibu ni saa sita kasorobo usiku, sawasawa.

*Mimi ni mwalimu wa sekondari. Niliwapa wanafunzi zoezi la kupanga programu itakayopokea alama za wanafunzi 40 wa darasa moja na kutoa daraja la kila mmoja kwa viwango vya mtihani wa kidato cha nne. Chati nyingi zilimpa kila aliyefaulu daraja D, na nyingine hazimaliziki. Nawaelekezaje?*
Mwalimu msomaji, Iringa

Hongera kwa zoezi zuri, Mwalimu mwenzangu. Viwango hivyo ni A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na F chini ya hapo. Wanafunzi wako wameanzia chini: almasi yao ya kwanza inauliza kama alama ni 30 au zaidi, na aliyepata 88 anajibu Ndiyo, anapewa D, na safari yake inaishia hapo. Waelekeze waanzie juu. Almasi ya kwanza iulize kama alama ni 75 au zaidi. Atakayetoka upande wa Hapana anajulikana kuwa yuko chini ya 75, kwa hiyo almasi ya pili haina haja ya kuuliza "kati ya 65 na 74", inatosha kuuliza kama ni 65 au zaidi. Wanafunzi wengi huandika masharti mawili katika kila almasi kwa sababu hawajaona kwamba mshale uliowaleta hapo umekwisha kubeba nusu ya jibu. Wakilielewa hilo kwenye mchoro, wataandika msimbo mfupi.

Kuhusu chati zisizomalizika, angalia mshale wa kurudi unapotua. Mzunguko, yaani sehemu ya programu inayorudiwa, wa wanafunzi 40 unahitaji kigeu cha kuhesabu, tukiite N, kinachoanzishwa kwa 1 kabla ya mzunguko. Inafuata almasi "Je, N imezidi 40?", kisha kusoma alama, kutoa daraja, kuongeza 1 kwenye N, na mshale wa kurudi. Mshale huo unapaswa kutua juu ya almasi. Ukitua juu ya kile kisanduku kinachosema "N iwe 1", hesabu inaanza upya kila mara na programu itamshughulikia mwanafunzi wa kwanza milele. Tofauti ya mahali pa kutua ni sentimeta chache tu kwenye karatasi. Mtake kila mwanafunzi apitishe N kwa wanafunzi watatu badala ya 40; mzunguko unaofanya kazi kwa watatu na kusimama utafanya kazi kwa 40. Wakitaka na wastani wa darasa, kisanduku cha "Jumla iwe 0" nacho kikae nje ya mzunguko.

Waulize pia chati yao itafanya nini mtu akikosea na kuingiza 105. Kwa ngazi tuliyoipanga, 105 itapata A. Almasi moja baada ya kusoma alama, inayorudisha njia kwenye msambamba wa kusoma iwapo alama iko chini ya 0 au juu ya 100, inatosha.

*Ninafanya kazi ya kuandika programu za tarakilishi, na sijaona mwenzangu hata mmoja akichora chati mtiririko kabla ya kuanza kazi. Je, si mtindo wa zamani tunaowabebesha watoto bure?*
Msomaji, Nairobi

Swali lako ni la haki, na sehemu yake ya kwanza ni kweli. Chati za hatua za kazi zilikuwako kabla ya kompyuta: Frank na Lillian Gilbreth waliziwasilisha mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani mwaka 1921, kwa ajili ya kuboresha kazi za viwandani. Katika kompyuta zilienea kupitia maandishi ya Herman Goldstine na John von Neumann, wanahisabati waliokuwa Princeton, Marekani, na waliyatoa kuanzia mwaka 1947. Wakati ule maagizo ya mashine yaliandikwa kwa tarakimu, na safu ya tarakimu haimwonyeshi msomaji kwamba kuna uamuzi hapa na marudio pale. Mchoro ndio uliokuwa unaonyesha. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, wataalamu wa kompyuta wa Italia, walithibitisha kwamba mipangilio mitatu inatosha kuunda programu yoyote: kufuatana, kuchagua na kurudia. Lugha za leo zinaionyesha mipangilio hiyo waziwazi kwa jinsi mistari inavyosogezwa ndani, kwa hiyo mwenye uzoefu anauona mtiririko katika msimbo wenyewe. Na kwa programu ya maelfu ya mistari, chati ya kila hatua ingejaza kuta za ofisi na ingepitwa na wakati kabla wino haujakauka.

Hata hivyo, mtoto wa kidato cha tatu hana uzoefu huo. Kwake mistari iliyosogezwa ndani bado ni mapambo, na almasi yenye njia mbili ndiyo inayomfundisha kwamba kila sharti lina upande wa pili unaodai kujibiwa. Nina hakika nawe ukikutana na sharti gumu la malipo lenye hali tano, unachora kitu fulani ubaoni au kwenye karatasi ili mwenzako akuelewe, hata kama hukiiti kwa jina hili. Kipimo changu ni ukurasa mmoja: chati ikizidi hapo, sehemu yake itolewe na kupewa jina, iwe kisanduku chenye mistari miwili ya pembeni, na ichorwe peke yake. Atakayezoea kugawa kazi hivyo kwenye karatasi hatapata shida atakapoanza kuandika fankisheni, yaani vipande vya programu vyenye majina yao.

*Je, ni lazima niwe na kompyuta ili nichore chati vizuri?*
Msomaji, Kigoma

Si lazima. Penseli, kifutio na karatasi yenye miraba vinatosha, na kwa mchoro wa kwanza ninavipendelea kuliko programu yoyote, kwa sababu kufuta almasi na kuihamisha hakukatishi mawazo. Ukipata kompyuta, LibreOffice Draw ina maumbo yote niliyoyataja na inapatikana bila malipo. Ipo pia Flowgorithm, ya bure kwa mashine za Windows, ambayo inaiendesha chati yenyewe: unaingiza namba, nayo inapita kisanduku kwa kisanduku mbele ya macho yako. Pitisha namba kwa mkono kwanza, uandike majibu unayoyategemea pembeni, kisha ndipo uiendeshe na kulinganisha.